Kuchagua bunduki ya mbogo: mambo ya kukagua kabla hujalipa

Mwongozo huu ni wa mtu wa Arusha au Moshi anayetafuta bunduki yake ya kwanza ya kaliba kubwa, yaani ya tundu pana la mtutu. Huenda ni kijana aliyetoka Mweka, chuo cha wanyamapori, na anajiandaa kuwa mwindaji bingwa, au msimamizi wa kitalu cha uwindaji anayetaka silaha ya akiba kambini, au mwindaji mwenye .30-06 ya swala ambaye sasa anamtazama mbogo. Kipimo chetu ni huyo mbogo. Dume huwa na kilo 600 hadi 800, ngozi nene, mifupa ya bega mizito, na akijeruhiwa huingia kichakani. Bunduki inayomfaa mbogo itakufaa kwa karibu kila mnyama mwingine, ukiacha tembo, ambaye tutamgusa kwenye risasi.

Sheria ndiyo ya kwanza kwa sababu inakupunguzia kazi. Hapa Tanzania wanyama hatari kama mbogo, simba, kiboko na tembo wanawindwa kwa kaliba isiyopungua .375, yaani risasi yenye kipenyo cha milimita 9.5. Ile 9.3x62 ya Kijerumani, bunduki nzuri sana ya tangu 1905, imeshatoka kwenye orodha hata kama muuzaji atakuapia kwamba babu yake aliulia mbogo nayo. Kibali cha kumiliki silaha kinapitia Polisi, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Leseni ya kuwinda inatoka TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Ni milango miwili tofauti. Kufunguliwa mmoja hakukufungulii wa pili.

Kaliba ipi?

Watu wengi huanza na nguvu: ipi inapiga zaidi. Swali la maana zaidi ni hili: ipi unaweza kuipiga mara tatu mfululizo, ukiwa umesimama, bila kufumba macho? Mbogo aliyepigwa mapafuni kwa .375 anaanguka. Aliyepigwa tumboni kwa .500 anawatesa watu wote kutwa nzima.

.375 Holland & Holland ilitoka 1912 na bado ndiyo jibu kwa wanunuzi wengi. Inasukuma risasi ya greini 300 (gramu 19.4) kwa mwendo wa takriban mita 770 kwa sekunde. Ganda lake ni refu na limechongoka taratibu kuelekea mdomoni, ndiyo maana linateleza kuingia chemba, chumba cha risasi nyuma ya mtutu, bila ugomvi. Teke lake, yaani kishindo chake begani, ni karibu mara mbili ya .30-06, linaumiza, lakini mtu wa kawaida analizoea. Na kwa vitalu vya kaskazini ina faida nyingine kubwa. Asubuhi unaweza kuwa Simanjiro unamtazama pofu aliye mita 200 kwenye uwanda mtupu, na wiki hiyohiyo ukawa kwenye msitu wa mlima Monduli au vichaka vya Longido ambako mbogo anaonekana akiwa mita 25. Ukiilenga .375 sawasawa kwa mita 100, kwenye mita 200 risasi itakuwa imeshuka sentimita 15 hadi 20 tu. Bunduki moja, kazi zote mbili.

.416 ni hatua ya juu yake. Kuna .416 Rigby ya 1911 na .416 Remington Magnum ya mwishoni mwa miaka ya 1980. Zote hurusha greini 400 kwa mita 720 hivi kwa sekunde. Tofauti yake mbogo haioni, ila fundi anaiona. Rigby alitumia ganda pana sana ili shinikizo la baruti libaki chini katika nchi za joto, kwa hiyo bunduki yake ni kubwa, nzito na ghali. Remington ni ganda jembamba zaidi lenye shinikizo la juu, na huingia kwenye bunduki ya kawaida ya magnum. Mwindaji bingwa anayesimama nyuma ya mgeni, ambaye kazi yake ni kumzuia mnyama aliyeharibiwa na mwingine, ana sababu ya kwenda .416. Mnunuzi wa mara ya kwanza hana.

.458 Winchester Magnum ya 1956 utaikuta sana mikononi mwa askari wanyamapori. Inarusha greini 500 (gramu 32.4). Ganda lake lilifupishwa liingie kwenye bunduki ya urefu wa kawaida, na ufupi huo ukawa taabu yake: baruti inabidi ishindiliwe, na risasi za zamani zilizokaa stoo miaka mingi zimewahi kuwa na baruti iliyogandamana na kutoka kwa mwendo mdogo. Ukipewa .458 pamoja na maboksi ya risasi ya kurithi, chukua bunduki, risasi waachie. .458 Lott ya 1971 ina ganda refu zaidi na inafika mita 700 kwa sekunde, na chemba yake inakubali pia risasi za .458 Winchester. Hilo ni jambo la maana ukiishiwa porini. Lakini teke la Lott si la mtu anayejifunza.

.404 Jeffery ni tamu kupiga na ina historia ndefu katika idara za wanyamapori Afrika, ila kupata risasi zake ni kazi. Bunduki za mitutu miwili, .470 na .500 Nitro Express, zina raha yake: risasi mbili bila kugusa bolti, lile komeo la chuma unalolivuta na kulisukuma kuingiza risasi. Bei yake lakini ni ya gari. Isitoshe, mitutu yake imeunganishwa kiwandani ili ipige pamoja kwa aina moja ya risasi. Ukibadilisha risasi, mtutu wa kulia na wa kushoto vinaachana.

Kabla ya kuamua, zunguka uulize risasi kwanza, bunduki baadaye. Muulize muuzaji ana maboksi mangapi ya kaliba hiyo siku hiyo, dukani, si “yanakuja”. Kwa mwaka wa kwanza unahitaji walau 100: 60 za mazoezi, 20 za kulenga na kulinganisha, 20 za porini. Kama hazipatikani, umebadilisha kaliba.

Bolti, ukucha na magazini

Hapa ndipo pa kutumia muda. Bunduki yenye kaliba ya wastani na bolti isiyokwama ina thamani kuliko kaliba kubwa inayokwama mara moja kati ya ishirini.

Kuna namna mbili za bolti kushika risasi. Namna ya Mauser ya 1898 ina ukucha mrefu ubavuni. Risasi ikiinuka tu kutoka magazini, kasha la risasi lililo chini ya bolti, ukingo wa ganda unaingia chini ya ukucha na kushikwa hapohapo. Bolti inaipeleka chemba ikiwa imeishika. Ukirudisha nyuma kabla hujafunga, risasi inarudi nayo na kutoka. BRNO, CZ 550, Winchester Model 70 za aina ya ukucha, na Ruger za Afrika ziko hivyo. Namna ya pili, kama Remington 700, bolti inaisukuma risasi tu, na ukucha mdogo unaing’ata mwishoni, bolti inapofungwa. Kwa swala haina ubaya. Kwa mbogo, mtu aliyeshtuka husukuma bolti bila kuifunga, anaivuta nyuma, anaacha risasi ya kwanza ndani ya chemba, anasukuma ya pili nyuma yake, na hapo bunduki imekuwa rungu. Chukua yenye ukucha mrefu.

Ukucha huo nao una masharti. Usidondoshe risasi moja kwa moja kwenye chemba na kuifungia bolti juu yake, maana bunduki nyingi za aina hii ukucha hautaki kuruka ukingo wa ganda, na siku moja utakatika ncha. Risasi zote zipitie magazini.

Ukiwa dukani omba risasi bandia za kaliba hiyohiyo, zenye umbo la risasi utakazotumia, si maganda matupu. Hakikisha mwenyewe kwamba hakuna risasi halisi mezani, elekeza mtutu pasipo na mtu, kisha fanya haya. Jaza magazini, halafu sukuma bolti taratibu sana, mpaka mwisho, uvute. Rudia haraka kwa nguvu zako zote. Rudia bunduki ikiwa imelala ubavu, kisha ikiwa imegeuzwa chini juu; ya ukucha mzuri italisha hata hivyo. Angalia risasi ya mwisho kabisa, maana ndiyo inayokataa mara nyingi: spiringi ya magazini ikiwa imechoka, pua ya risasi inaelekea chini na kugonga ukuta wa mbele. Kagua pua za risasi bandia baada ya zoezi. Zikiwa na michubuko mahali pamoja, njia ya kuingilia chemba ina ukwaru na fundi ataing’arisha. Ganda likitoka lakini likaangukia palepale badala ya kuruka pembeni, kitupio, kile kinachorusha ganda nje, ni dhaifu au kimevunjika.

Urefu wa bolti nao uupime kwa mkono wako. Bunduki ndefu kama za .375 na .416 Rigby zinataka mkono uvutwe mpaka mwisho kabisa, karibu na pua yako. Aliyezoea bolti fupi ya .308 huishia katikati. Kosa hilo ni la mtu, bunduki haina lawama, lakini ulijue ukiwa dukani.

Magazini ibebe tatu hadi tano. Kifuniko cha chini kiwe na komeo gumu: mengine hufunguka kwa teke, na risasi zote zinamwagika miguuni mwako baada ya kupiga ya kwanza. Ipige ngumi kutoka chini mara kadhaa uone.

Sefti na kifyatuo

Bunduki ikiwa tupu, ikoki, weka sefti (kizuizi cha usalama), vuta kifyatuo kwa nguvu, achia. Sasa toa sefti bila kugusa kifyatuo. Pini inayogonga risasi ikidondoka, rudisha bunduki mezani na usiendelee na mazungumzo ya bei. Kisha ikoki tena, sefti ikiwa imetolewa, ugonge kitako sakafuni juu ya mpira au zulia. Pini isianguke.

Sefti ya hatua tatu ni bora kwa sababu ya kati inakuruhusu kutoa risasi chemba huku pini imefungwa. Ile ya Mauser ya zamani inayosimama kama bendera ni imara, ila ukiweka darubini haina nafasi ya kupita. Kifyatuo kiwe na uzito wa kilo moja na nusu hadi mbili, kikatike ghafla bila kuburuza. Bunduki nyingi za CZ zina kifyatuo unachokisukuma mbele ili kiwe chepesi mno. Kwa mbogo usikiguse kamwe, na mwambie fundi akifunge kabisa kama anaweza.

Mtutu, kitako, uzito

Mtutu wa sentimita 56 hadi 62 unatosha. Mrefu zaidi unanasa kwenye vichaka. Angalia mdomo wake kwenye mwanga: kidonda kidogo pale mwishoni kinaharibu shabaha kuliko kutu ya katikati. Kitundu cha mkanda wa mbele kiwe kwenye mtutu wenyewe, si kwenye mbao. Kikiwa kwenye mbao, teke litakukata vidole vya mkono wa kushoto.

Kitako cha mbao ni kizuri, lakini kagua nyuma ya bolti, pale chuma kinapoishia. Ufa mwembamba kama unywele mahali hapo ni dalili kwamba teke limeshaanza kuipasua mbao, na litamaliza kazi yake. Kaliba za .416 kwenda juu ziwe na misumari miwili ya chuma inayopita mbao ubavu kwa ubavu. Urefu kutoka kifyatuo hadi mpira wa begani uwe sentimita 34 hadi 36 kwa watu wengi. Jaribio rahisi: fumba macho, ilete bunduki begani, weka shavu, fungua macho. Kama unaona ushanga wa kulengea wa mbele umekaa ndani ya V ya kulengea ya nyuma bila kuinamisha shingo, kitako ni chako. Kama unaona nyuma ya bolti au unaona anga, si chako, na hakuna mazoezi yatakayokirekebisha.

Uzito: .375 iwe kilo 4 au zaidi kidogo ikiwa na darubini; .416 na .458 zikaribie kilo 4.5 hadi 5. Bunduki nyepesi inasifiwa sana dukani, na kulaumiwa mara ya kwanza inapopigwa. Vile vitundu vya mdomoni vya kupunguza teke vinapunguza kweli, lakini sauti inarudi kwa mfuata nyayo aliyesimama ubavuni mwako, na masikio yake hayana akiba.

Darubini na ushanga

Nunua bunduki yenye ushanga na V hata kama utatumia darubini. Ushanga mweupe na mkubwa, V pana isiyo na kina, vilivyolengwa kwa mita 50. Vile vijani vya kulengea vya kukunja vya mita 200 na 300 ni vya mapambo.

Darubini ianze na ukuzaji wa moja au moja na nusu, iishie nne au sita. Yenye kuanzia tatu, ukimtazama mbogo wa mita 15 utaona nywele nyeusi tu. Nafasi kati ya jicho na kioo isipungue sentimita 9. Chini ya hapo, teke litakuchorea nusu mwezi juu ya nyusi, alama ambayo ni rahisi kuikuta kwenye nyuso za wawindaji. Vishikio viwe vya chuma na vya kufunguka kwa mkono, ili ukiingia kichakani kumfuata majeruhi uivue na kubaki na ushanga. Baada ya kuivua na kuirudisha, piga risasi mbili uwanjani kuona kama imerudi mahali pake. Piga pia mstari mdogo wa rangi kati ya kishikio na darubini. Ukiona mstari umeachana, darubini inateleza mbele kidogo kidogo kila unapopiga.

Risasi

Kuna laini na ngumu. Laini hutanuka ndani ya mnyama na kubaki humo au kutoka imechoka. Ngumu haitanuki, inakwenda moja kwa moja. Kwa mbogo, ya kwanza iwe laini ya kisasa ambayo kiini chake kimeungwa vizuri na koti lake la nje, kama Swift A-Frame, au ya shaba tupu kama Barnes TSX, na kwa .375 chukua greini 300, si 235 wala 270. Laini za bei rahisi, zilizotengenezwa kwa ajili ya paa, hupasuka kwenye mfupa wa bega na hazifiki mapafuni. Zinazofuata magazini ziwe ngumu, kwa sababu mbogo anayeondoka anakuonyesha makalio na unahitaji risasi inayopita mwili mzima.

Hapo pana hatari moja: ngumu ikipigwa ubavuni inatoka upande wa pili na kumpata aliye nyuma. Kwenye kundi usiitumie mpaka mnyama wako ajitenge. Kwa tembo ni ngumu tu, zote.

Laini na ngumu zipige mahali pamoja. Piga tatu za kila aina kwa mita 50. Makundi mawili yakiachana zaidi ya sentimita 5, badilisha chapa ya mojawapo.

Joto nalo lifikirie. Bonde la Natron liko karibu mita 600 tu juu ya usawa wa bahari na joto lake linafika nyuzi 40; boksi lililoachwa kwenye dashibodi linapita hapo kwa mbali. Baruti moto huongeza shinikizo, na dalili ya kwanza ni bolti nzito kuinuka baada ya kupiga. Kwa .416 Remington na nyinginezo za shinikizo la juu, ganda linaweza kukwama kabisa. Risasi zikae kwenye mfuko wa ngozi kivulini. Na siku ya kulenga, usiridhike na asubuhi ya baridi ya Arusha. Rudi uwanjani saa nane mchana.

Uwanjani

Lenga kwa kukaa mezani, risasi chache, na mfuko wa mchanga kati ya bega na kitako. Ukishamaliza, ondoka mezani usirudi. Mazoezi yote yaliyobaki ni ya kusimama: kwenye fimbo tatu za kuegemezea bunduki kwa mita 50, risasi tatu ndani ya duara la sentimita 10; kisha bila fimbo kwa mita 25, mbili ndani ya sekunde tano, duara la sentimita 20. Usizidishe kumi kwa siku. Baada ya hapo mwili unaanza kujifunza kuogopa, na hofu hiyo ni ngumu kuiondoa. Mwenzako akuwekee magazini bila wewe kuona, akichanganya risasi bandia na halisi. Kifyatuo kikikatika kwenye bandia na mdomo wa mtutu ukachovya chini, umeshajua tatizo liko wapi. Vaa vizibo viwili: vya ndani ya sikio na vya juu.

Jioni ya siku hiyo, kaza skrubu zote mbili zinazoshika chuma na mbao. Bunduki mpya hulegea baada ya risasi ishirini za kwanza. Kwa vumbi la Longido, bolti ifutwe ikauke na kubaki na mafuta kidogo mno, kwa sababu mafuta mengi yanageuka tope.

Kama ni bunduki iliyotumika, kabla ya kulipa linganisha namba ya kwenye chuma, ya kwenye mtutu na ya kwenye bolti, halafu zilinganishe na namba iliyo kwenye kibali cha muuzaji, tarakimu kwa tarakimu. Bolti yenye namba tofauti huenda ilibadilishwa, na chemba yake lazima ipimwe na fundi mwenye vipimo kabla haijapigwa hata risasi moja.